Kabla Ufomati Lapi, Iulize "Iko Wapi?"

Kuna ushauri mmoja wa mtaani siupendi hata kidogo: "Hiyo fomati tu." Programu imegoma? Fomati. Jirani yangu aliambiwa hivyo na fundi, bei 1500. Kwa hiyo lapi ndiko picha zote za marehemu mamake ziko. Bekapu hana.

Shida yenyewe? Ameweka Python kwa Windows, lakini akiandika python kwa ile skrini nyeusi, inamfungulia Microsoft Store. Fundi akasema ni virusi.

Si virusi, bana. Ukiandika jina la programu, kompyuta haijui iko wapi. Ina orodha ya folda inayoitwa PATH, na inazipitia moja moja kwa mpangilio. Ni kama umwambie soja wa ploti akuitie Mama Brayo. Anabisha mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa kwanza kuitika ndiye huyo. Kama kuna Mama Brayo mwingine huko juu, hatawahi kuitwa.

Sasa we uliza. Kwa Command Prompt ya Windows andika where python. Ukiwa PowerShell andika where.exe python, juu hapo where peke yake ni amri nyingine. Kwa Linux ama Mac, which python3 inakuonyesha ile itakayoitika, na type -a python3 inakutajia zote zilizo kwa PATH, kwa mpangilio.

Ya jirani ilijibu mstari mmoja tu, unaoishia WindowsApps\python.exe. Hiyo si Python yenyewe. Ni njia ya mkato inayokuja na Windows, ya kukupeleka dukani. Tukaandika py -0p, na Python yake ikajitokeza, imetulia kwa folda yake. Haikuwa kwa PATH tu. Tukafungua tena faili ya kuiweka, tukatia tiki pale pa kuiongeza kwa PATH, tukafungua skrini nyeusi mpya. Ikaitika. Picha hazikuguswa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hizi amri hazijawahi kuniuliza cheti. Hata wewe hazitakuuliza.

Kwa hivyo fundi akisema fomati, muulize kwanza: hiyo programu iko wapi? Akikosa jibu, funga lapi yako, mwambie asante, urudi nayo nyumbani.