Chumba cha Boila, Bonde la Kilombero

Barabara ya Iringa inakatiza hifadhi ya Mikumi, na dereva wetu, anayeijua faini ya kugonga swala, alikwenda polepole mpaka nikaudhika. Mjini Mikumi tukaiacha, tukashika njia ya Ifakara. Milima ya Udzungwa ilikuwa kulia, kijani kizito. Kisha miwa ikaanza, na harufu ya molasi ikaingia garini kabla kiwanda hakijaonekana.

Kazi yangu Dar es Salaam ni kuchora skrini za mitambo, ila chumba cha kuendeshea boila nilikuwa sijawahi kukanyaga. Nilitumwa tuamue jambo moja: picha zicheze kiasi gani? Meneja alitaka nyingi. Moto upepee, feni izunguke, makapi ya miwa yatiririke kwenye mkanda kuelekea tanuruni.

Opereta wa zamu, mzee mpole, alinisogezea kiti. “Shikamoo.” “Marahaba mwanangu, kaa utazame ninachotazama.”

Picha hakuzitazama. Jicho lake lilirudi kila mara kwenye mstari unaoonyesha kiwango cha maji ya boila katika saa nzima iliyopita. Maji yakipungua mno, mabomba yanaungua. Yakizidi, yanachukuliwa na mvuke hadi kwenye turbini. Halafu akanionyesha feni ya skrini ya zamani, inazunguka vizuri tu. “Hii inazunguka kwa kuwa mota imeamriwa iwake. Kapulingi inayounga mota na feni ikikatika, feni yenyewe inasimama, picha inaendelea.” Ukweli, alisema, uko kwenye ampea: hapo zinaporomoka ghafla.

Kitu kinachocheza huvuta jicho hata usipotaka. Mwaka 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili walimiminiwa kengele 275 ndani ya dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Pakiwa na fujo hiyo, moto wa kuchorwa unaopepea ni kelele nyingine tu.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mandhari ya skrini ikawa ya kijivu, feni ikasimamishwa, pembeni yake zikaandikwa ampea na kasi. Kinachowaka na kuzima ni kengele ambayo bado hakuna aliyeipokea. Ikishapokelewa inatulia, rangi inabaki. Niliomba mishale inayotembea kwenye bomba la mvuke kwa ajili ya wanagenzi. Mzee akaikataa, na hapo sijakubaliana naye hadi leo.

Meneja alinuna kwa ajili ya moto wake. Tukamwekea kwenye televisheni ya mapokezi, ambako hakuna boila ya kuendesha.