Kibati cha Mjomba

Wenzangu mlionisikia nikilalamika kwamba Jumamosi zangu zinaishia gereji mtanivumilia tena. Mjomba wangu, anayeishi Leicester, amekuwa akilifufua gari la wazi aina ya MGB la mwaka 1965, na safari hii tumegombana kwa sababu ya kibati.

Kibati chenyewe ni kipande chembamba chenye namba ya chasisi, kimepigwa ribiti ndani ya boneti. Ukizijua herufi zake unazisoma kama ngeli: G ni MG, H ni daraja la ukubwa wa injini, N ni gari la wazi la viti viwili. Hufuata 3, kisha namba ya gari lenyewe, iliyogongwa kiwandani Abingdon. Cha mjomba kilikuwa hoi. Mafuta ya breki yamekula rangi yake nyeusi na pembe moja imekatika. Gari liliporudi kutoka kupakwa rangi, kile kibati kikaonekana kama kiraka kwenye kanzu ya Idi.

Vibati vipya vinauzwa, vitupu, kwa bei isiyozidi sahani mbili za biriani. Unagonga namba mwenyewe, tarakimu moja moja. Mjomba alikuwa ameshanunua.

"Namba ni ile ile," akaniambia. "Nitakuwa nimemdanganya nani?"

"Humdanganyi mtu, mjomba. Lakini mnunuzi atajuaje?"

Maana mwizi wa magari naye hufanya kazi hiyo hiyo: huchukua namba ya gari lililokufa akalipa gari la wizi. Kibati kipya hakisemi kiligongwa na nani. Nikamsimulia kisa cha Kansas, Marekani. Mwaka 2017 polisi walilizuia gari la Corvette la 1959, kwa kuwa kibati chake kilitolewa wakati wa ukarabati kikarudishwa. Mwenyewe alilinunua kihalali, lakini sheria ya jimbo ilitaka gari liharibiwe, na ilibadilishwa mwaka 2022 tu.

"Hapa si Kansas," akasema mjomba. Kweli. Ila gari linauzwa, na fedha zake ndizo za kuezekea nyumba yake Tanga. Kibati kimoja kimebeba mabati ya nyumba nzima.

Basi tukaomba hati kwenye makumbusho ya magari ya Gaydon, yanayotunza kumbukumbu za kiwanda. Ilipofika, namba ya injini ililingana na ile iliyo kwenye injini yenyewe, na mjomba akaisoma mara tatu kwa sauti. Hati hiyo hiyo inasema gari lilitoka kiwandani likiwa jeupe. Mjomba amelipaka jekundu. Hilo hatujalizungumza.

Kibati cha zamani tulikifuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, basi. Tulikuwa tumekipiga picha kabla ya kuzitoboa ribiti. Tukakipiga tena kilipokuwa mkononi na kiliporudi mahali pake. Kipya kimo kwenye droo, hakina namba.

Mjomba bado anaona nimelitia gari lake kovu usoni. Mnunuzi wa kwanza alitoa tochi akakiinamia kibati kabla hata ya kuuliza habari za injini, akaomba zile picha, akazitazama moja moja. Kisha akasema anakwenda kuifikiria bei. Wa pili anakuja Jumamosi.