Chombo Kidogo cha Kulinda Frigo ya Mama

Wahenga walinena: Mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ilinichoma moyo, maana nalikaa miezi miwili nikichagua, nisitengeneze kitu.

Kwetu ni Kadutu, mjini Bukavu. Nyumba zimebanana mlimani, na umeme huja na kwenda upendavyo. Hatari kubwa si giza, bali ni ile saa umeme unaporudi. Siku moja ulirudi kwa nguvu kupita kiasi, na mota ya frigo ya Mama ikaungua. Mama huuza samaki na maji baridi; riziki hiyo ndiyo iliyotusomesha sote. Samaki wakaoza, ada ya mdogo wetu wa mwisho ikachelewa, naye akarudishwa nyumbani. Mama hakulalamika. Kimya chake kiliniuma zaidi.

Frigo ilipokwisha kutengenezwa kwa mkopo, niliazimia kuilinda. Kazi yenyewe naliijua: umeme ukirudi, chombo kingoje dakika tano, nguvu ikiwa kati ya volti 200 na 240, kiifungulie frigo, ikipita mipaka hiyo, kikate mara moja. Kazi kama hiyo yafaa kufanywa na mikrokontrola, yaani chipu ndogo ambayo mtu huiandikia amri kwa kompyuta, nayo huzishika na kuzitimiza hata kompyuta ikiondolewa.

Je, ipi? Nalitamani ESP32, iliyotoka mwaka 2016 kwa kampuni ya Espressif ya Shanghai. Ina Wi-Fi ndani yake, nami nilijiona tayari nikisoma habari za frigo katika simu, wenzangu wakinistaajabia. Rafiki alinisifia Raspberry Pi Pico, iliyotolewa mwaka 2021 kwa bei ya dola 4. Ya tatu ilikuwa Arduino Uno ya mwaka 2010, yenye chipu iitwayo ATmega328P. Nafasi yake ya kuwekea amri ni kilobaiti 32 tu. Nikaidharau, kama kijana amdharauvyo mzee wa kijiji.

Jioni moja nilimweleza Mama mawazo yangu. Alinisikiliza akichambua maharagwe, kisha akauliza: "Mwanangu, umeme ukikatika, hiyo intaneti ya nyumbani itatoka wapi?"

Nikanyamaza.

"Na chombo hicho kikiungua, nani hapa Kadutu atakitengeneza?"

Kumbe mimi nilikuwa nachagua sifa, na Mama alikuwa akichagua frigo! Usiku ule nilipima upya. Pini za ESP32 na za Pico hutumia volti 3.3, na volti 5 zaweza kuziharibu. Uno hutumia volti 5, sawa na swichi za rilei nilizokuwa nazo. Tena, katika Uno niliyoipata, chipu ina miguu 28 na imechomekwa katika soketi: ikiungua, huchomolewa na kuwekwa nyingine, bila kutupa ubao mzima. Nikanunua Uno, pamoja na chipu mbili za akiba zilizokwisha kutiwa programu ya mwanzo.

Nalifanya vema. Mwezi haujaisha, nilikosea kuunga waya, chipu ikafa. Kwa robo saa nikawa nimekwisha kuibadili.

Sisemi kwamba vyombo vile vingine ni vibaya. Atakaye kutuma vipimo vya mvua kutoka shambani penye mtandao, ESP32 itamfaa. Mwenye hesabu nyingi atapenda Pico, yenye kilobaiti 264 za kufanyia kazi, hali Uno ina 2 tu. Neno langu ni hili: tazama kwanza kazi, kisha mahali, kisha mfuko, ndipo utazame jina la chombo.

Nanyi wanafunzi, msiogope ufundi huu. Udongo wa Kivu hutoa koltani, na tantali itokayo humo hutumika katika vyombo vya elektroniki duniani kote; je, tuwe wachimbaji tu? Mwaka 2013 Kinshasa iliona maroboti ya kuongoza magari njiani, kazi ya mhandisi Thérèse Izay na wenzake. Lakini anzeni kwa betri na taa ndogo. Umeme wa volti 220 huua. Msiuguse pasipo fundi mzoefu. Mimi mwenyewe nilimwita mmoja akague kazi yangu kabla sijaichomeka ukutani.

Sasa umeme ukirudi, kitaa chekundu huwaka, na Mama husema, "Ngojeni, kinahesabu." Dakika tano zikipita, frigo huanza kunguruma. Mdogo wetu yuko darasani.