Kinu Hakina Boneti

Katika nyumba nyingi za wilaya ya Kasese chakula hakianzi jikoni. Huanza kwenye mashine ya kusaga. Mihogo iliyokauka hupelekwa huko igeuke unga wa obundu, na mahindi hupelekwa yageuke unga wa posho. Anayetumwa si baba aliye ofisini, wala si askari aliye lindoni. Aghalabu ni mama mwenye mtoto mgongoni, au mtoto wa shule aliyejitwika kilo tano kichwani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, jambo ninalokusudia kulizungumza leo, ingawa ni la vyuma na bolti, ni la nyumbani kabisa. Ni kinga ya mkanda wa injini.

Madereva wa jeshi na polisi wanaujua vyema mkanda wa feni. Wanajua pia kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atiaye mkono hapo injini ikiwa inanguruma. Hata magari ya mashindano, ambayo injini zake zimeongezwa nguvu, hutengenezewa kifuniko cha mkanda ili jiwe lisiingie, na ili mkanda ukikatika usiharibu vitu vya jirani. Lakini gari lina boneti, na boneti hiyo yatosha kumtenga mpita njia na hatari. Kinu hakina boneti. Injini imewekwa sakafuni, kinu kimewekwa kando yake, na baina yao mkanda unakimbia wazi, kimo cha kiuno cha mtu mzima na kimo cha kichwa cha mtoto.

Na tuupime mwendo wake, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Tuchukue puli ya injini yenye kipenyo cha sentimita 20, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Kila mzunguko unavuta mkanda kiasi cha sentimita 63. Zidisha, kisha gawanya kwa sekunde 60. Utaona kwamba kila sekunde mkanda unapita karibu mita 16. Kabla mtu hajapata hata kushtuka, mita tatu zimekwisha kupita. Asemaye kwamba ataurudisha mkono wake haraka hajaifanya hesabu hii.

Niliwahi kufundisha shule ya msingi huko Bwera kabla ya kuhamishiwa kazi ya ofisi mjini Kasese. Mwaka mmoja, siku ya soko la Mpondwe, nilikuwa katika foleni ya mashine moja, nikiwa na gunia langu la mahindi. Mbele yangu alikuwa mke wa konstebo mmoja, jirani yetu, naye amembeba mwanawe mgongoni kwa leso. Aliinama kukusanya unga uliomwagika. Pindo la leso likagusa mkanda pale unapoingia kwenye puli, na mara likamezwa. Mama yule alivutwa hatua mbili, kisha tukasikia kitambaa kikipasuka. Akaanguka upande wa pili, mtoto akiwa kifuani mwake, wote wawili wazima, isipokuwa ngozi ya mkono wa mama iliyochubuka.

Leso ile ilikuwa kuukuu, imefuliwa mpaka rangi zake zimekwisha. Ukuukuu wake ndio uliowaokoa. Kama mumewe angekuwa amemletea leso mpya mwezi ule, nadhani nisingekuwa na la kuandika ila maneno ya rambirambi.

Miaka kadhaa baadaye mama watoto wangu, pamoja na kina mama wengine sita, baadhi yao wake wa askari polisi na wanajeshi, walichanga fedha wakanunua injini ya dizeli na kinu, vyote vilivyokwisha kutumika, wakavisimika Bwera. Vililetwa bila kinga. Mama watoto hakuwa ameisahau leso ile. Akaniambia, “Baba watoto, wewe ulifundisha hesabu. Njoo utupimie kinga kabla injini haijawashwa.”

Tulimwendea mzee mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye katika ujana wake alijifunza kazi katika karakana za mgodi wa shaba wa Kilembe, kabla ya uchimbaji wake kusimama mwaka 1982. Alizitazama puli mbili kwa muda mrefu, ndipo akasema, “Mwalimu, tusipime mkanda. Tupime mkono wa mtoto.” Alikuwa na maana kwamba kinga hutengenezwa kwa kufikiri kidole kinaweza kupenya wapi, na kikipenya kitafika umbali gani.

Kwa hiyo tulichagua wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 12, tukauweka mbali na mkanda na puli kwa sentimita 10 au zaidi, pande zote. Kidole cha mtu kikiingizwa katika tundu la namna hiyo hakifiki kwenye mkanda. Tuliupenda wavu kuliko bati kwa sababu mbili: hewa inapita na kuupoza mkanda, na mtu anaweza kuutazama mkanda kama umechakaa bila kufungua kitu.

Fremu tuliifanya sanduku la urefu wa sentimita 200, kimo sentimita 90, na upana sentimita 40. Sanduku lina kingo 12. Ukizijumlisha unapata mita 13 na sentimita 20. Chuma cha pembe huuzwa kwa vipande vya mita 6, basi vipande vitatu vilitosha, na mabaki yalitumika kwa mihimili ya kukaza pande ndefu. Wavu uliohitajika ulikuwa kama mita 5 za mraba. Upande wa nyuma, ambao wengi huuacha wazi kwa kuwa unaelekea ukutani, tuliuziba pia, maana mtoto anayeokota punje hupita palepale ukutani. Miguu ya fremu ilifungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji, wala haikufungwa kwenye injini, kwa sababu mtikisiko wa injini hulegeza kila nati.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Kijana aliyeajiriwa kuendesha mashine alilalamika kwamba kinga itamchelewesha. Alisema, “Mkanda huteleza mara kumi kwa siku. Je, nifungue bolti mara kumi?” Baadhi ya kina mama walimuunga mkono, wakaona ni heri fedha ile ingenunua mkanda mpya wa akiba. Lalamiko lake halikuwa la kipuuzi. Kinga nyingi zimeishia nyuma ya banda zikiota kutu kwa sababu aliyezitengeneza hakumfikiria mwendeshaji.

Mzee fundi alimjibu kwa utulivu kwamba mkanda unaoteleza mara kumi kwa siku ni mkanda uliolegea, au puli zake hazikupangwa mstari mmoja. Akauvuta uzi kutoka puli hii hadi ile, akazisawazisha. Kisha, injini ikiwa imezimwa, akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kwa kila mita moja ya umbali, mkanda ushuke kiasi cha sentimita moja na nusu. Ukishuka zaidi, kaza. Ukigoma, legeza, usije ukaziua beringi. Skrubu ya kukazia mkanda akaiacha nje ya kinga, ili kazi hiyo ifanyike bila kufungua lolote. Desturi ya kupaka lami au sabuni kwenye mkanda unaokimbia ikakoma yenyewe, kwa kuwa mkono haukuwa tena na njia ya kupita.

Jambo la mwisho lilitoka kwa mama watoto, nami nalisifu kuliko hesabu zangu zote. Injini ile huwashwa kwa hendeli. Aliagiza spana ya kufungulia kinga na hendeli ya kuwashia vifungwe kwenye mnyororo mmoja mfupi. Anayetaka kuifungua kinga ni lazima aichukue hendeli pamoja na spana, na maadamu anayo mkononi, hakuna mtu mwingine awezaye kuiwasha injini yeye akiwa ameinama ndani. Askari ataitambua busara hiyo mara moja, maana yeye hufundishwa kuitoa risasi katika silaha kabla ya kuanza kuisafisha.

Kijana yule bado yuko kazini. Siku hizi husema kwamba mkanda mmoja unamdumu kuliko zamani, na wateja hawagombani naye kuhusu watoto wao. Mabishano ya fedha yamekwisha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 hapa Uganda inataka sehemu za hatari za mitambo zizuiwe, na wajibu huo ni wa mwenye mtambo. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila banda kuanzia mjini Kasese hadi mpakani Mpondwe. Mama anayesubiri unga wake yupo hapo kila juma. Yeye aweza kutazama kabla hajatua mzigo: Je, mkanda umefunikwa pande zote? Je, yupo mtoto anayefagia chini ya injini? Ikiwa jibu si jema, na amwambie mwenye mashine kwa heshima, kisha aende kwenye mashine nyingine, hata kama ni mbali kidogo. Wenye mashine husikia upesi mteja anapoondoka.

Nanyi kina baba mliopo kambini, mnapomtuma mtoto kusaga, mwambieni ajifunge nguo vizuri, asimame mlangoni, na punje zilizoanguka aziache zilipo. Kikombe kimoja cha mahindi hakilingani na mkono wake.