Mama wa makala hakuulizwa

Yaya yangu alikuwa sentineli kwenye depo moja hapa Lubumbashi. Asubuhi moja ya mwaka 1994, wakati wa mvua, walimkuta chini ya ukuta, kichwa kimepasuka. Alikuwa na miaka 31. Mtu wa upelelezi alikuja, akaongea na mwenye depo robo saa, akaandika kwamba marehemu alianguka kutoka juu ya ukuta. Karatasi ikatiwa sahihi, tukazika.

Ngambo ya barabara kulikuwa mama mmoja muuzaji wa makala. Alikuwa analala pale pale kwenye mifuko yake, sababu ya wezi. Siku ya tatu ya kilio alikuja kukaa karibu na mama yetu, akasema: “Mi nilisikia motoka usiku. Banaume babili balishuka, kisha mutoto akapiga kelele. Hakuna mutu mwenye aliniuliza.”

Nilikuwa pale, nilisikia, na sikuandika kitu. Tuliogopa pia, nisiwadanganye.

Sasa, mwaka huu kijana mmoja wa korali, mwenye kupenda filamu za wapelelezi, akaniuliza: “Baba mwalimu, banajuaka namna gani mutu mwenye aliua, kama miaka mingi imeshapita?” Nilimpa habari ya karibu na sisi, ya Ndola, pale ngambo ya mpaka.

Mwezi wa 9 mwaka 1961 mji wetu, wakati ule Elisabethville, ulikuwa vitani. Askari wa Umoja wa Mataifa walipigana na wale wa Katanga ya Moïse Tshombe. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, mtu wa Sweden, alipanda ndege Léopoldville tarehe 17 kwenda kukutana na Tshombe Ndola, ili vita isimame. Kisha saa sita ya usiku ndege ilipita juu ya Ndola, lakini haikutua. Ilianguka porini, kilomita kama 15 tu kutoka uwanja, na wakubwa walisema wameiona kesho yake saa tisa ya mchana! Watu 16 walikuwa ndani. Mmoja tu, mlinzi Mmarekani, aliokotwa hai. Aliishi siku chache hospitalini, akasema habari ya cheche angani. Wakasema ni maneno ya mgonjwa.

Lakini mu pori kulikuwa watu wa makala. Wenye kujua kazi ile wanajua kwamba mtu wa makala halali sana. Anachunga tanuru usiku, udongo usipasuke moto ukala kuni zote. Njo maana walikuwa macho. Wengine wao walisema waliona ndege ya pili, ndogo, na mwanga juu, mbele ya ile kubwa kuanguka. Tume ya serikali ya Rhodesia haikuwapa uzito. Mwaka 1962 ikaandika kwamba rubani alikosea. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka ule ule, iliacha swali wazi.

Dosie ikalala. Iliamshwa na watu waliorudia swali dogo: nani alikuwepo na hakusikilizwa? Msweden Göran Björkdahl, ambaye baba yake alipata kipande cha chuma cha ndege ile, alikwenda Ndola kutafuta wale wazee. Susan Williams wa Uingereza akachimba katika karatasi za zamani, akatoa kitabu mwaka 2011. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaweka jopo la wataalamu, na mkubwa wake alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman.

Kijana alifurahi kusikia Mswahili. Mimi kilichonigusa ni mizani yao. Kila neno jipya walilipima: halina uzito, uzito kidogo, uzito wa kati, uzito mkubwa. Maana mzee kisha miaka 50 anaweza kuchanganya alichoona na alichoambiwa, bila kusema uongo. Ripoti ya mwaka 2017 ilisema inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje liliangusha ndege. Jaji aliandika tena mwaka 2019, 2022 na 2024, na bado analia kwamba kuna nchi zenye kuficha karatasi. Jina la muuaji halijapatikana.

Na sisi wa hapa tuliona jeneza la Lumumba likipita, mwezi wa 6 mwaka 2022, na jino moja tu ndani. Aliuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961. Jino lilikaa Ubelgiji nyumbani kwa watu, mpaka sheria ya kule ikalikamata mwaka 2016, kisha watoto wake kupeleka mashtaka mwaka 2011.

Kijana akaniangalia. “Na yaya wako, baba?”

Nilikwenda kumtafuta mama wa makala. Alikufa mwaka 2009. Binti yake anauza pale pale, makala na mafuta kidogo. Anakumbuka mama yake akisimulia, lakini anasema mwanaume alikuwa mmoja. Mimi nasema wawili. Nikanunua kaye, nikaandika maneno yake na yangu mbalimbali, na tarehe. Kwa mizani ya jaji, yetu yote ni uzito kidogo.

Depo imekuwa duka la vipuri vya motoka. Ukuta ni ule ule wa matofali ya zamani, mwenye duka alinihakikishia. Nilisimama kando yake. Unanifika kifuani. Niliandika hiyo pia.