Mto gani kwa siku yetu?

Tukienda Kampala kununua vitenge, tumetoa siku moja ya kuteremka maji makali kwa boti ya mpira. Wengine walitaka Semliki, mto wetu. Lakini pale Ishango, unapotoka Ziwa Edouard, kuna viboko, na wenye boti za namna hiyo hatukuwaona. Tukachagua Nile ya Jinja, kilometa 80 hivi toka Kampala. Huko kuna waongozaji, kofia ngumu na jile za kuelea.

Wanne kati yetu hatujui kuogelea. Mmoja, ziwa lilimchukua mdogo wake. Kwa hiyo tutaomba sehemu ya maji ya pole. Asiyetaka kupanda atabaki ukingoni na mikoba yetu, na hakuna atakayemcheka.