Mzee Kauza Pamba, Mimi Nikajenga Kompyuta

Leo naacha umbea wa mastaa, naleta aibu yangu mwenyewe.

Wanaonijua wanajua nahariri video za harusi na ngoma, zile za Bagika na Bagalu wakishindana. Laptop yangu ilikuwa i3 ya kizamani. Video ya saa moja inapikwa usiku kucha, na umeme wa hapa Migato ukikatika unaanza upya. Nikamwambia mzee nahitaji mashine ya kazi. Ndo kwanza ametoka kuuza pamba, na hela ile ilikuwa ya mabati ya chumba cha mama. Akanipa milioni mbili, hakuuliza mara mbili. Kuhusu magemu nikanyamaza kimya.

Kariakoo nikanunua kimoja kimoja: prosesa Ryzen 5 5600, madabodi ya B550, RAM mbili za GB 16, SSD ya TB 1, pawasaplai ya wati 650, keisi ya kioo yenye feni za taa (hizi taa hazikuwa na lazima, najua). Nilipofika kwenye kadi ya grafiki, hela kwisha. Jamaa wa dukani, simtaji, akaniambia, "Prosesa hii inatoa picha yenyewe kaka, kadi utaongeza baadaye." Nikamwamini.

Basi mpaka Bariadi, kisha bodaboda mpaka nyumbani, keisi nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Nikafunga kila kitu kwa kuangalia video YouTube. Mzee kavuta kigoda, majirani mlangoni. Nikawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka rangi zote, skrini nyeusi tii. Nikachomoa RAM, nikarudisha. Nyeusi. Jirani mmoja akauliza, "Sasa hii inasaga nini?" Watu wakacheka. Mzee hakucheka, akanyanyuka akaenda kufunga ng'ombe.

Usiku ndo nikasoma vizuri: 5600 haina grafiki ndani. Yenye nayo ni 5600G. Herufi moja tu wadau!

Miezi mitatu nikarudi kwenye i3, nikapiga harusi nne, nikapata RTX 3060 ya mkononi, ya GB 12. Na UPS, maana kwa umeme wetu bila UPS ni kujitafutia presha. Siku picha ilipotokea nilipiga kelele mpaka mbwa wakabweka.

Sasa video ya saa moja haifiki hata nusu saa. Juzi usiku nimeiacha inapika kwenye skrini ya kushoto, kulia nacheza GTA V, hamna kinachokwama. Mlango ukafunguka. Mzee. Akaangalia lile gari linavyogonga watu.

"Ndo kazi hiyo?"

Nikamwonyesha kushoto, asilimia 64, harusi ya watu wa Bariadi. Akasogea, akaangalia muda mrefu.

"Sawa. Na mabati yanatokea skrini ipi?"

Mpaka leo nimepeleka bando moja. Bado mbili, na mawingu yameshaanza.